Sauti ya Shangazi na Chatu wa Kumi na Mbili

Ijumaa, tarehe 6

Leo nimempiku shemeji. Ushindi!

Ilianza jana. Shemeji, kaka yake mke wangu, muuza kompyuta, alipita hapa eti kunywa chai. Mimi namwita Toleo Jipya, maana hana kitu cha zamani mwilini isipokuwa akili. Akachungulia studio yangu. (Lilikuwa banda la kuku. Sasa ni studio. Ina trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi, na ubao mlangoni: INJINIA WA SAUTI. Kuku hawakuwahi kuwa na ubao.) Akaitazama kompyuta yangu, inayoendeshwa na mfumo wa Linux. Akaguna. Akasema Chatu wangu kazeeka.

Nieleze kwa faida ya vizazi vijavyo. Chatu ni lugha. Wenyewe wanaiita Python, mimi namwita Chatu, tumezoeana. Ni lugha ya kuandikia maagizo, na kompyuta hii inamtumia Chatu chini kwa chini kila mahali. Anafungua madirisha, anapokea programu mpya, hata programu yangu ya kurekodia haiamki bila Chatu kuigongea mlango. Wangu ni toleo la tatu nukta kumi. Wa shemeji ni tatu nukta kumi na mbili. Alilitamka hilo kumi na mbili polepole, macho kafumba nusu. Chini ya paa langu! Na chai yangu mkononi!

Basi leo nimemleta Chatu wa kumi na mbili. Nikaona haitoshi, kwa sababu kompyuta ilikuwa bado inamwita yule mzee. Nikalichukua jina la mzee nikampa mgeni: kuanzia leo akiitwa Chatu, anaitika huyu. Mashine ikauliza kama nina hakika. Nikabonyeza Ndiyo. Mimi hubonyeza Ndiyo. Mwanamume mzima habishani na kidude cha kuchomekwa ukutani.

Mke wangu kauliza kama kazi ya Shangazi iko salama. Nimemwambia iko salama kuliko sisi.

Maana kazi ya Shangazi si mchezo. Shangazi ndiye aliyenilea, na ndiye sauti ya stesheni ya treni. Mji mzima umepanda na kushuka kwa sauti yake. Alhamisi anapasuliwa koo. Daktari kasema uvimbe lazima utoke, na sauti inaweza kurudi, inaweza isirudi. Mkuu wa stesheni akaona isipotee. Kwa hiyo tumemrekodi humu bandani, humu studio, kipande kipande: namba, njia, saa, "inawasili", "inaondoka", "imechelewa". Kilichobaki ni kukata na kuunganisha. Jumamosi ya wiki ijayo nakabidhi. Nisipokabidhi, watatumia ile sauti ya mashine iliyokuja na vipaza sauti vipya. Sauti ya bati. Na vipaza sauti hivyo kafunga nani? Shemeji! Halafu niambiwe hana njama.

Jumamosi, tarehe 7

Programu ya kurekodia haifunguki.

Nimebonyeza. Ikachungulia, ikarudi ndani. Nimebonyeza tena kwa ukali. Haikuchungulia hata.

Ujumbe unasema moduli fulani haikupatikana. Moduli ni vifurushi vya maarifa ambavyo Chatu hubeba ili programu zivitumie. Yule mzee alikuwa navyo vyote. Huyu mpya kaja mikono mitupu! Hata kiberiti hakubeba.

Sawa. Nikamtafutia hiyo moduli. Ikafika, ikasema haiwezi kukaa bila nyingine. Nikaileta nyingine, nayo ina nduguze. Ndugu wakaja na wakwe. Kufika mchana nilikuwa nimekaribisha ukoo. Kisha likazuka la kuzuka: moduli moja inadai mwenzake awe wa toleo jipya tu, ya tatu inadai huyo huyo awe wa zamani tu. Nimewahi kusuluhisha majirani waliogombania ukuta, lakini hawa wameshindikana.

Nimewaambia wote watakaa hapa wapende wasipende.

Jioni shemeji akapita. Kasema kapita tu kunywa chai. Nilizima kioo cha kompyuta kabla hajavuka kizingiti. Akauliza kazi inakwendaje. Nikamjibu inakwenda kama treni. Akauliza treni ipi. Mtu mwenye adabu angeishia kwenye jibu la kwanza.

Jumapili, tarehe 8

Leo ndiyo siku ya mwisho ya Shangazi kusema. Kuanzia kesho daktari kamwamuru anyamaze kimya, koo lipumzike kabla ya kisu.

Mke wangu kaniweka kitako asubuhi. Kasema nimwambie Shangazi ukweli, tumrekodi upya leo leo, hata kwa simu, angali ana sauti. Kasema mficha uchi hazai. Nimemwambia sifichi kitu. Kazi iko ndani ya kompyuta, mimi niko nje, ni suala la mlango tu. Na Injinia wa Sauti kurekodi kwa simu! Shemeji angecheka mpaka meno yamdondoke. Thubutu!

Shangazi akaja mchana kula na sisi. Aliongea kutwa, kama mtu anayemalizia akiba. Kanisema kuhusu ndevu, kanisema kuhusu ubao wangu kwamba umepinda, kasimulia habari ya abiria aliyepanda treni akiwa na mlango wa nyumba begani. Kila neno nilikuwa naliona likipita bure, naye hajui. Akaomba asikie kidogo tulichorekodi. Nikamwambia Jumapili mashine nayo hupumzika. Akacheka kile kicheko chake kinachoanzia puani, kasema ina dini kunishinda mimi.

Wakati wa kuondoka akasimama mlangoni, akanyoosha shingo, akatangaza kwa ile sauti yenyewe: abiria wa mwisho anaondoka, wanaobaki wafunge mlango, mbu wanaingia.

Mke wangu akageuza uso ukutani. Mimi nilikwenda bandani kumtukana Chatu.

Jumatatu, tarehe 9

Nimegundua kiini! Jinsi lilivyo jepesi nashangaa sikuliona. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Machatu je? Wa kumi yumo, wa kumi na mbili yumo, wote wanaitwa Chatu, nani atamtii nani? Mzee aondoke. Basi.

Nikatoa amri aondolewe. Mashine ikaleta orodha ya wote watakaoondoka pamoja naye. Orodha ndefu, ikashuka kiooni mpaka macho yakauma. Sikuisoma. Kusoma masharti ni tabia ya mtu anayetafuta sababu ya kuacha. Ikauliza kama nina hakika. Ndiyo. Ikasema jambo hili ni la hatari mno, kwamba kama nalitaka kweli niandike kwa mkono wangu sentensi nzima: Ndiyo, fanya nilivyosema. Nikaiandika kwa furaha. Hatimaye mashine inayojua nani mkubwa humu!

Ikafanya nilivyosema.

Kwanza zikatoweka picha ndogo za pembeni. Kisha saa. Kisha mandhari, ile picha ya mimi na Shangazi siku ya kuzindua studio. Ikatoka yote. Sasa kioo ni cheusi tii, na juu pembeni kistari kimoja cheupe kinapepesa. Nimekipigia kelele. Kinapepesa tu.

Mke wangu kaingia, kakitazama kile kistari, kauliza hiyo ndiyo kazi yote iliyobaki. Nimemjibu kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akauliza kama koleo nalo lilibonyezewa Ndiyo.

Sitafuti msaada. Nasema tena ili nijisikie mwenyewe: sitafuti msaada. Nikimwita Toleo Jipya leo, nitakula mahubiri yake kila sherehe ya ukoo huu mpaka nizikwe, na huko atasoma wasifu wangu.

Jumanne, tarehe 10

Mkuu wa stesheni kaja bila taarifa. Na Shangazi kamleta! Shangazi ana kibao kidogo cha chaki shingoni, ndiyo mdomo wake wa sasa. Mkuu anataka kuona maendeleo.

Nikawaza upesi. Hedifoni masikioni. Macho nusu. Mkono hewani, kidole kinakata, kinaunganisha. Nikatikisa kichwa. Nikanong'ona kwamba hiyo njia namba nne ni tamu ajabu. Mkuu akauliza mbona kioo ni cheusi. Nikamweleza kwamba wanafunzi ndio hufanya kazi kwa macho. Sisi wakongwe tunazima picha ili sikio liwe peke yake. Mkuu akavutiwa sana. Kasema hata yeye reli huzisikia kwa miguu.

Ndipo Shangazi akaandika neno moja kwenye kibao akanionyesha mimi tu.

WAYA.

Nikatazama chini. Waya wa hedifoni ulikuwa unaning'inia gotini kwangu, ncha yake haijachomekwa popote.

Mkuu akageuka kuangalia. Shangazi keshafuta kwa kiganja. Akanipigapiga shavuni, akaniachia chaki usoni, akamshika mkuu mkono wakaondoka. Sikujua nicheke au nikimbie. Nimeuchomeka waya. Sijui kwa nini. Hakuna kitu cha kusikia.

Jumatano, tarehe 11

Mkuu kapiga simu. Kesho asubuhi wanajaribu vipaza sauti vipya. Anataka kionjo. Tangazo moja tu la Shangazi, nimtumie leo.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikatafakari. Sauti ya Shangazi iko wapi hasa? Iko ndani ya kompyuta, sawa. Lakini pia iko kwenye damu! Mimi na yeye ni ukoo mmoja, koo moja, pua moja. Nimemsikia maisha yangu yote. Ninachohitaji ni kuinua sauti kidogo na kubana mbavu.

Nikajifungia studio, nikajifunika blanketi, nikashika simu. (Simu ya dharura si sawa na simu ya kushindwa.) Abiria wa treni ya kaskazini! Mara ya kwanza nilitoka kama jogoo. Mara ya pili nikatoka kama mimi. Mara ya tatu nikafumba macho, nikamkumbuka anavyosimama, bega la kushoto juu, nikatangaza mpaka mwisho. Mwishoni nikakohoa kidogo, lakini nani hakohoi?

Mke wangu akagonga. Kauliza kama kuku wamerudi.

Nikamtumia mkuu. Kajibu ahsante, kwamba Shangazi anasikika kachoka, masikini.

Kutoka nje, namkuta shemeji jikoni, kikombe mkononi. Kapita tu kunywa chai! Mtu huyu kwao hawana majani? Nimemwambia chai imekwisha, na nyumba inafungwa. Akaniuliza kwa upole kama kuna chochote angeweza kunisaidia kubeba. Nimemjibu abebe miguu yake. Mke wangu akamjazia kikombe cha pili mbele ya macho yangu.

Jumatano hiyo hiyo, baadaye kidogo

Nimelirudia tangazo langu. Si baya. Namba ndiyo imekwaruza.

Alhamisi, tarehe 12

Siku yenyewe.

Hospitali inatazamana na stesheni, reli tu katikati. Tulimkuta Shangazi kwenye kitanda cha magurudumu, kavishwa joho la kijani, anasubiri zamu. Dirisha wazi. Kibao kifuani. Nikamshika mkono, baridi. Nilikuwa nataka kumwambia jambo. Nilikuwa nimefungua mdomo kabisa.

Vipaza sauti vya stesheni vikakoroma. Kisha mimi!

Abiria wa treni ya kaskazini! Mji mzima ulisikia. Nesi mmoja akatoka mbio akiuliza nani anakabwa. Huko ng'ambo nikawaona abiria wamesimama na mizigo yao, vichwa juu, wanatafuta anayelia. Ikafika kwenye njia namba, pale pale nilipokohoa. Wengine wakasikia tatu, wengine tano, wakapishana kwenye daraja wakigombana. Treni ya kaskazini ikaondoka na wasafiri wachache mno na kuku wengi wasio na wenyewe.

Nikaona mabega ya Shangazi yanatikisika. Machozi yanamtiririka. Nikajua nimemuua kabla ya daktari. Nikapiga magoti kuomba radhi, kumbe anacheka! Kacheka bila sauti hata kidogo, kashika koo kwa mikono miwili ili lisiponyoke. Nesi akamkanya. Akaandika kwenye kibao, herufi zinakwenda upande: SI MBAYA. KWANZA UKOHOE, NDIPO UTANGAZE.

Wakamsukuma ndani akiwa bado anajifuta.

Tulikaa kwenye benchi mimi na mke wangu. Hakunisema. Heri angenisema. Niliogopa. Hilo naliandika hapa na mtu asisome: niliogopa kwamba kitu cha mwisho kutoka koo lile kilikuwa habari ya mbu, na cha kabla ya hapo nimekifungia ndani ya kioo cheusi kwa mkono wangu. Hewa ya ukumbi ule ilinuka dawa na sabuni. Simu ikaita, alikuwa mkuu wa stesheni. Kanipa mpaka Jumamosi. Baada ya hapo, sauti ya bati.

Daktari akatoka. Mgonjwa mzima. Uvimbe umetoka wote. Sauti, kasema, tutaijua akiruhusiwa kuitumia.

Ijumaa, tarehe 13

Shemeji kapita tu kunywa chai.

Safari hii mke wangu alinitangulia. Aliingia naye studio, akaniita, nilipoingia akafunga mlango na kuutia ufunguo kifuani mwake. Kasema atakayetoka bila sauti ya Shangazi apitie dirishani. Banda la kuku halina dirisha.

Shemeji hakuhubiri. Hilo liliniudhi zaidi. Kikombe mkono mmoja, bisibisi mkono wa pili, akakitazama kile kistari kinachopepesa, akauliza kama nilimwondoa Chatu wa mfumo wenyewe. Nikamwambia niliondoa kilichokuwa kinazuia maendeleo. Akaitikia taratibu. Akafungua kompyuta yangu, akachomoa diski, akaichomeka kwenye mashine yake ya mkononi. Ikatokea folda. Ndani yake folda. Ndani yake mafaili yamejipanga.

Akabonyeza moja.

Saba, akasema Shangazi.

Yeye mwenyewe! Safi kama yuko mlangoni. Nane, akasema. Tisa.

Hakuna kilichopotea. Hakuna kilichowahi kupotea! Shemeji akaeleza kwamba programu ni kisu tu na ubao wa kukatia. Sauti zenyewe zimekaa kando muda wote kama mkate kabatini, mafaili ya kawaida ambayo hata simu ingeyapiga. Kama tangu Jumamosi ile ningemwita mtu yeyote mwenye waya, angenakili yote kabla chai haijapoa.

Nikamwambia hiyo ndiyo hatua niliyokuwa nakaribia. Akasema anajua.

Tukaanza kuyasikiliza moja moja ili tuyapange. Mafaili mabichi, hayajakatwa, na kila kikohozi kimo, na kila kiti kilicholia. Nikajisikia mwenyewe nikisema ngoja nikaangalie fyuzi. Mlango ukafungwa. Halafu Shangazi, si kwa sauti ya stesheni, kwa ile ya jikoni, anamwambia mke wangu:

"Mkwe wangu, huyu mwanangu tangu mdogo hajui kushindwa. Mashine hii ataiharibu tu, namwona macho yake. Akiiharibu usimfokee. Mwite kaka yako. Lakini aseme kapita tu kunywa chai."

Mke wangu anasikika akicheka, anaahidi.

"Na umtilie sukari ya kutosha. Atatukanwa sana huyo kijana."

Mlango tena. Sauti yangu inauliza tuko tayari. Shangazi anasafisha koo. Njia namba nne, anasema.

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Shemeji alikazia macho kikombe chake. Nikakumbuka vikombe vyote vile, na yote niliyomwambia. Nimelia. Kesho nitasema ni vumbi la diski, lakini leo nimelia, tena kwa sauti, humo humo kwenye trei za mayai ambazo hazirudishi mwangwi.

Tumekata na kuunganisha mpaka jua likashuka, kwa mashine ya shemeji. Na hapa kuna jambo lazima liandikwe. Nilichungulia. Programu yake ya kurekodia inaamshwa na Chatu gani? Wa kumi! Wa kumi, yule mzee! Yule wa kumi na mbili kamfungia chumba chake pembeni, wa kujaribia tu, haruhusiwi kugusa kitu. Nikamuuliza mbona alijitapa. Kasema hakujitapa, alikuwa anataka kunishauri nisimguse.

Mnafiki.

Jumamosi, tarehe 14

Imetangazwa!

Nilikuwa wodini, ghorofani, dirishani, na Shangazi kaegemezwa mito, shingo imefungwa bandeji. Vipaza sauti vikakoroma. Abiria wa treni ya kaskazini, njia namba tatu, treni inaondoka. Yeye. Kila neno mahali pake. Huko ng'ambo hakuna aliyesimama kushangaa. Waliinua mizigo yao, wakaenda njia namba tatu kama siku zote, mama mmoja akimvuta mwanawe aliyetaka kuangalia injini. Hakuna aliyejua kwamba mwenye sauti kalala juu ya vichwa vyao na hawezi hata kuomba maji.

Shangazi alisikiliza macho kafumba. Mdomo wake ulikuwa unafuatisha maneno. Yalipokwisha akachukua kibao, akaandika: HUYO MAMA ANAJUA KAZI. Kisha akanishika sikio, kama zamani, hakuliachia mpaka nesi alipoleta dawa.

Mkuu wa stesheni kanishukuru mbele za watu. Nimepokea shukrani zote. Nilimtaja shemeji pia: nimesema nilikuwa na msaidizi mmoja aliyeshika bisibisi. Nadhani ni ungwana mkubwa.

Mke wangu kauliza je, nimejifunza kitu. Nimemwambia nimejifunza mengi. Kuhusu diski, kwa mfano.

Jumapili, tarehe 22

Shangazi yuko kwetu! Katoka hospitali. Leo daktari kamruhusu maneno machache, ya polepole.

Tulimzunguka mezani: mke wangu, shemeji (kaalikwa rasmi safari hii, akakaa kwenye kiti kizuri kwa makusudi), na mimi na maikrofoni yangu, na kompyuta nimeihamishia mezani. Maana studio iko hai! Shemeji aliirudishia kompyuta yangu uhai wiki nzima jioni jioni. Kaweka kila kitu, Chatu wa kumi kakaa kwenye kiti chake, programu inafunguka ukiigusa tu. Na kabandika karatasi pembeni ya kioo: USIGUSE. Maandishi makubwa. Mtu mzima, nyumbani kwangu, ananibandikia karatasi.

Shangazi akafungua mdomo. Sote tukaacha kutafuna. Ikatoka sauti nyingine kabisa. Nene, ya chini, ina mikwaruzo kama gunia likiburutwa sakafuni. Si ile. Ile haitarudi, nadhani hata yeye alijua hapo hapo. Lakini ilikuwa yake, na ilinitazama mimi. Kasema:

"Waya umeuchomeka?"

Tulicheka mpaka shemeji akamwaga chai kwenye suruali yake mpya. Na nilikuwa nimeuchomeka! Neno lake la kwanza limo ndani ya kompyuta, salama salimini.

Kasema nisimtangazie mtu aliyoyasema kwenye lile faili la fyuzi. Nimemwambia nimelifuta. Sijalifuta. Nimelisikiliza tena na tena, na kadiri ninavyolisikiliza ndivyo ninavyoelewa kwamba lilikuwa sifa. Hajui kushindwa. Kayasema mwenyewe, kwa sauti yake nzuri, iko kwenye kumbukumbu.

Walipokwenda sebuleni kupumzika nikabaki na kazi. Nikawaza. Sauti mpya hii si ya kuchezea. Ina vishindo, ina chini, ina mambo. Sauti mpya inataka toleo jipya. Na tazama bahati: pembeni ya kioo, juu kidogo ya karatasi ya shemeji, pameandikwa kwamba Chatu wa kumi na tatu katoka. Kumi na tatu! Shemeji hana! Kakaa pale sebuleni na suruali yake mbichi, hajui kwamba kapitwa.

Safari hii sikukurupuka. Mimi si mtu wa kurudia kosa. Orodha ya watakaoondoka ilipokuja, nimeisoma mistari yote miwili ya juu.

Mashine ikauliza kama nina hakika. Nimebonyeza Ndiyo.

Kioo kimezima. Kidogo tu, nadhani. Kinavuta pumzi.

Nasikia mlango wa jikoni, na birika linabandikwa. Nimeuliza kwa sauti kama shemeji bado yupo. Mke wangu kajibu kwamba alikuwa keshavaa viatu aondoke, lakini kaona heri anywe chai kwanza.